Cheti cha Mipango na Uzio wa Ojuok

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na shamba la viazi vitamu karibu kabisa na ziwa, pale matete yanapoishia. Kulikuwa na kiboko mmoja aliyependa viazi vyake kuliko vya mtu mwingine yeyote. Sijui kwa nini, labda ni udongo. Alfajiri moja bibi akanitoa kwa mkeka, akanipa debe kuukuu na kijiti, akasema twende tukamfukuze mgeni. Nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, hata shule sijaanza. Shule yenyewe nilikuja kuisoma kidogo tu, mpaka darasa la nne, halafu karo ikakataa. Tulipofika niliona kama jiwe kubwa katikati ya matuta, kisha lile jiwe likaanza kutafuna.

Bibi hakupiga debe mara moja. Kwanza alinishika bega akanizungusha upande wa juu. "Usisimame pale," akaniambia polepole. "Pale uko kati yake na maji. Akishtuka atakimbilia maji, na akikukuta njiani hatajua kama wewe ni mtu." Ndipo akaanza kupiga na kutukana. Alimtukana kama mtu anavyomtukana shemeji mlevi. "Wewe tumbo lisilo na asante! Kwenu hakuna chakula?" Mimi nilipiga debe langu huku mkojo unanishuka mguuni, sitaficha. Kiboko akatutazama, akageuka, akaenda zake taratibu kama mtu aliyemaliza chai.

Bibi alipokufa ziwa lilikuwa limeanza kupanda. Likala viazi, likala matuta, likafika mpaka kwenye mti ambao baba alikuwa akifungia ng'ombe. Baba akahamisha boma mlimani, na huko mlimani ardhi ilikuwa kidogo na sisi wavulana tulikuwa wengi. Basi mimi nikaja Kisumu. Nilikuja nikiwa na nia ya kununua baiskeli nirudi nayo nyumbani. Baiskeli ya kwanza niliyonunua ilikuwa mbovu, nikajifunza kuitengeneza mwenyewe, na kabla sijajua nilikuwa fundi pale Kondele, nimekaa juu ya kigogo, watu wanakuja na mnyororo, wanakuja na breki. Sikurudi. Miaka ikapita hivyo, mtu anaziba pancha moja baada ya nyingine.

Ploti ya Nyalenda, hapo hapo Kisumu, niliipata wakati huko chini bado kulikuwa na vyura wengi kuliko watu. Mwenye shamba alikuwa mzee wa hapo hapo. Alipima kwa miguu yake, hatua ndefu za mtu mrefu, akafika pembeni akachoma tawi la ojuok ardhini, akasema mpaka wako ni huu. Ojuok ni ule mmea wa kijani usio na majani, vidole vitupu, ukivunjwa unatoa maziwa meupe. Kwetu ndio uzio. Mbuzi haupiti, mwizi haupendi, na hauulizi mvua. Katikati ya safu yetu na safu ya pili aliacha njia ambayo mkokoteni wa ng'ombe ungepita na mwingine ukaja ukapishana nao. Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu.

Sasa niseme kitu kuhusu ojuok, kwa sababu bila hicho hamtaelewa yaliyotupata. Ojuok ukizeeka katikati, au ukikauka, hakuna mtu anayeung'oa. Maziwa yake yakiingia jichoni unaweza kupofuka. Kwa hiyo mtu anafanya nini? Anapanda mwingine mbele ya ule wa zamani. Ule wa zamani unaoza wenyewe huko nyuma, na siku moja unakuwa mahali pa kuanika nguo, halafu mahali pa kuku, halafu ukuta wa chumba. Mimi nimepanda hivyo mara mbili. Jirani yangu wa ng'ambo amepanda hivyo. Kila mtu kwenye njia yetu amepanda hivyo. Hakuna aliyeiba ardhi ya mwenzake. Lakini ile njia ya mikokoteni miwili, leo ukipita na gunia la makaa begani unapita kiubavu.

Ng'ambo yangu anakaa mama mmoja mjane. Tunamwita Mama Maji kwa sababu ana bomba, na bomba lake limejengewa kioski cha mabati, na nyuma ya kioski kuna chumba anacholala na wajukuu. Njia yote inachota kwake. Ni mama wa maneno. Ukipita bila kumsalimia anakuuliza kama umeokoka au umepata tu cheo.

Kwa nini nikataka kuuza? Nitasema ukweli. Ni woga.

Kwetu mwanamume anatakiwa awe na boma lake mwenyewe, dala, siyo boma la baba. Unatoka na mkeo na mtoto wako wa kiume wa kwanza, mna jogoo, mna shoka, mna moto, mnakwenda mahali mlipoonyeshwa, mnajenga, mnalala hapo. Ukifanya hivyo wewe ni mtu mwenye lango. Usipofanya, hata ukiwa na mvi mpaka kwenye masikio, wewe ni mtoto wa baba yako. Mimi nilikuwa nasema nitajenga mwaka ujao. Nilisema hivyo mpaka watoto wakaoa.

Halafu akafa mwenzangu tuliyekuwa naye Kondele, fundi wa saa. Yeye pia hakuwa amejenga. Tulipeleka mwili nyumbani kwao asubuhi, na tulipofika tukakuta vijana wanapigilia mabati. Walikuwa wanamjengea nyumba. Nyumba ya kumzikia tu, ili jeneza lipate mahali pa kuingia na kutoka kama la mwanamume. Haikuwa na mlango, haikuwa na dirisha, ukubwa wake kama choo. Mchungaji akiwa anaomba, nyundo ilikuwa bado inalia. Watu walikuwa wanacheka kidogo kwa pembeni, siyo kwa ubaya, lakini walicheka. Mimi nilisimama pale nikashikwa na baridi kwenye jua. Toka siku hiyo nikisikia mtu anapigilia bati, moyo wangu unaruka.

Nikamwambia mke wangu, tuuze ploti tujenge nyumbani. Mke wangu kwa miaka mingi amekaanga mgongo wazi kule Obunga, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani wakishatoa minofu. Moshi umemkausha macho, lakini maneno yake bado ni mabichi. Akasema, "Jaduong'," yaani mzee, "leo umeamka. Nilidhani nitazikwa kwa gereji."

Mnunuzi alipatikana upesi. Ni mfanyabiashara kutoka upande wa mlima, anauza viazi vya gunia pale Kondele, mtu mnene mwenye kicheko. Alikuja akaiona ploti, akagonga ukuta, akachungulia choo. Nikamwambia wazi kwamba mvua ikiwa kubwa maji yanafika mlangoni. Akacheka. "Mzee, mimi maji siogopi. Mimi naogopa rangi."

Kila mtu anajua rangi. Ni ile alama ya msalaba mwekundu ambayo watu wa kaunti hupaka ukutani wakiona nyumba imekaa kwa barabara au kwa mtaro. Nyumba ikishapakwa, hata kama hawaji kuibomoa mwaka huu, imekufa. Mpangaji anahama, na wewe unakaa ndani unaangalia ukuta kwa upande wa pili kana kwamba rangi itatokea huko.

"Niletee cheti cha mipango," mnunuzi akasema. "Kiseme ploti haiko kwa barabara, haiko kwa kinamasi, na ina njia. Ukinipa hicho tunaenda kwa wakili siku hiyo hiyo."

"Nyumba imesimama hapa toka watoto wangu hawajazaliwa," nikamwambia. "Hakuna mtu amewahi kuja na rangi."

"Kwa sababu hujawahi kuwaita, Mzee."

Alisema akicheka.

Nikaenda. Cheti cha kwanza, cha kuonyesha kwamba sina deni la kodi ya ardhi, nilikipata baada ya kusukumwa dirisha hili na dirisha lile, na mtoto wangu akalipa kwa simu. Hicho hakikunitisha. Kilichonitisha ni ofisi ya mipango yenyewe. Iko juu, ngazi zake zinateleza, na ukutani kuna ramani kubwa ya mji. Nilisimama mbele ya ramani hiyo nikitafuta njia yetu. Sikuiona. Palikuwa na rangi ya kijani tu na mistari. Nikawaza, kumbe miaka yote hii tumeishi mahali ambapo ukutani hapa hapana mtu.

Ofisa alikuwa binti mdogo, mpole sana, amesuka nywele vizuri. Alinipa kiti. Aliniita babu. Ofisa mkali unaweza kumkasirikia, lakini mpole unamwogopa bila kujua unaogopa nini. Akaniuliza ploti iko wapi, imepakana na nini, njia ya kuingilia ina upana gani.

"Inapita," nikasema.

"Gari inapita, babu?"

"Gari la nani, mwanangu? Hakuna mtu ana gari kule."

Akacheka, akaandika. Akasema watakuja kuona.

Walikuja watatu na gari la kaunti, wakaliacha barabarani kwa sababu halikuweza kuingia. Mmoja alikuwa na chombo cha kupimia chenye miguu mitatu, kichwa kama cha ndege. Yule binti alikuwa na ubao wa kuandikia. Wa tatu alibeba mfuko, na mfuko ulipogonga ukuta nikasikia mlio wa kopo. Nikajua ni kopo la rangi. Hakulitoa. Lakini mimi tangu hapo sikusikia kitu kingine isipokuwa lile kopo, kila hatua likigonga.

Njia yote ilinyamaza. Nyalenda hainyamazi hivihivi, hata kukiwa na matanga. Redio zilizimwa. Watu wakatoka wakasimama milangoni na mikono nyuma. Mtu wa chombo akaweka miguu mitatu mbele ya kioski cha Mama Maji, akafunga jicho moja, akaangalia kwangu, akageuka akaangalia kwake. Akasema namba. Binti akaandika. Akasema namba nyingine.

Mama Maji alikuwa anajazia mtu mtungi. Maji yakafurika, hakufunga bomba.

"Hawa ni wageni wa nani?" akauliza, na kila mtu alijua anamwuliza nani.

"Ni wangu," nikasema. "Wamekuja kwa ploti yangu tu."

"Yako tu! Na hicho kitu kimesimama kwa nani? Si kimesimama kwa mlango wangu?"

"Mama, wanapima tu."

"Wanapima tu. Hata fundi wa majeneza anapima tu."

Watu wakacheka, kicheko kifupi, kikafa. Yule binti akasema kwa upole kwamba mama asiwe na wasiwasi, hakuna kitakachofanyika leo. Neno leo lile! Nilitamani angelimeza.

Walipoondoka hakuna aliyekuja kunisalimia. Asubuhi yake mke wangu alipeleka mitungi kwenye foleni ya maji kama kawaida. Kwetu mtu huacha mtungi kwenye foleni akaenda kufanya kazi, na mtungi unasogezwa na wengine mpaka zamu yake. Aliporudi, mitungi yetu ilikuwa ya mwisho. Kesho yake ilikuwa ya mwisho tena. Hakuna aliyeisogeza nyuma, ukiuliza. Hakuna aliyeona. Ilikuwa inarudi yenyewe.

"Jaduong'," mke wangu akaniambia, "maji yenyewe yamejua."

"Nikazungumze naye?"

"Kazungumze. Lakini uvae kofia, maneno yatanyesha."

Nilikwenda mchana, kioski kikiwa hakina watu. Nilimweleza Mama Maji habari ya dala. Nilimweleza habari ya fundi wa saa na mabati yake. Nilidhani akijua ninachoogopa ataona mimi si adui. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafuta meza kwa kitambaa, mahali pale pale.

"Kwa hiyo unataka nyumba ya kuzikiwa," akasema.

"Nataka nyumba ya kukaa. Na siku ikifika, basi."

"Na mimi nikae wapi, Baba? Nikibomolewa hapa niende kwenye dala ya nani? Mume wangu walimlaza mbele ya nyumba ya mama yake, unajua. Hakuwa amejenga. Mimi kule sina hata ukuta wa kuegemea."

Akakunja kile kitambaa.

"Sasa nikuambie," akasema, na hakuinua sauti, jambo ambalo kwake ni la ajabu. "Sitagombana na wewe. Nitangoja. Siku utakayokufa nitapanda gari na watu wa kanisa, nitakuja mpaka hiyo dala yako mpya. Watakapofungua nafasi ya majirani kusema, nitashika kipaza sauti. Nitawaonyesha ile nyumba, niwaambie imejengwa na bomba langu. Mbele ya watoto wako. Halafu nitakula wali wa matanga nirudi."

Mtu wa mahali pengine atasema ni maneno tu. Kwetu siyo maneno tu. Matanga ndiyo siku mtu anasomwa. Watakuja watu wa kanisa, watakuja mashemeji, chifu atakuwepo, na jirani hanyimwi kipaza sauti. Wewe umelala pale, huna jibu, huwezi hata kukohoa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu. Alikuwa akichambua omena, wale dagaa wa ziwa, akitoa mawe.

"Atafanya?" nikamwuliza.

"Yule? Atafanya. Na atavaa vizuri."

"Kwa hiyo tuache?"

"Mimi sijasema tuache. Mimi pia nataka lango. Nani atakaa na wageni wakija kukulilia, si mimi? Unataka nikae kwa uwanja wa ndugu yako?" Akarusha jiwe dogo nje. "Nenda usikie hao wa ofisi wamesema nini. Labda wameona njia inatosha."

Mnunuzi naye alipiga simu. "Mzee, cheti? Kuna ploti nyingine nimeonyeshwa Mamboleo." Nikamwambia kiko karibu.

Nilipanda zile ngazi tena nikishika ukuta. Kulikuwa na watu kwenye benchi, kila mtu na bahasha yake magotini. Yule binti aliniona akaniita kabla ya wengine, kwa heshima ya mvi zangu, na mimi ningependa angeniacha ningoje. Akafungua karatasi mezani. Ilikuwa njia yetu. Safari hii tulikuwa kwenye ramani. Nyumba yangu ilikuwa kisanduku, na kioski cha Mama Maji kilikuwa kisanduku, na katikati amechora mistari miwili ya wino, na mistari hiyo ilipita juu ya kisanduku chake kama barabara inavyopita juu ya kalvati.

"Babu, wewe una bahati," akasema. "Nyumba yako iko ndani sana. Wewe utapoteza uzio tu. Haiko kwa kinamasi, haiko kwa barabara kuu. Kitu kimoja tu, hakuna njia. Sheria inataka njia."

"Ilikuwepo."

"Najua. Iko kwa mchoro wa zamani. Imezibwa." Akaniambia hivyo bila kumlaumu mtu, na mimi nikawaza zile ojuok, moja mbele ya nyingine, na hakuna mwizi. "Kwa hivyo utaweka sahihi hapa, kama mwenye ploti unayeomba njia ifunguliwe. Ukiweka sahihi, wiki hii vijana wanakuja kuweka alama, na cheti chako kinatoka. Wenye nyumba watapewa ilani. Ni haki yako, babu."

"Nisipoweka?"

"Cheti hakitoki. Hakuna kitu kinafanyika." Akafikiri. "Lakini mtu mwingine akiomba siku moja, tutafika hapa hapa."

"Na kwenye hiyo alama mtaandika ni nani aliyeomba?"

"Kwa ilani? Ndiyo, jina la mwombaji linakuwepo."

Akaniwekea kalamu mkononi. Kalamu ya bluu, kifuniko chake kimetafunwa. Hapo nataka msinisifu. Sikumwonea Mama Maji huruma wakati ule. Sikuwaza wajukuu wake. Niliwaza mabati yanapigiliwa na mchungaji anaomba, na mara moja nikawaza yule mama amesimama na kipaza sauti, amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisa, anageuka kuonyesha nyumba yangu kwa mkono. Nilisikia nyundo upande huu na sauti yake upande ule. Jasho likanitoka mpaka kwenye karatasi. Tone moja likaanguka karibu na kisanduku changu, wino ukapanuka.

"Babu, unajisikia vibaya?"

"Naenda haja kidogo, mwanangu."

"Sawa. Nakungoja."

Nikaweka kalamu juu ya meza polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Nikapita benchi. Watu wakavuta magoti ili nipite.

"Babu!" akaita nyuma yangu. "Choo iko upande ule!"

Nikasema asante. Nikashuka ngazi, nikapita wapiga chapa waliokaa chini ya miavuli yao, nikatoka getini. Ofisi ile sijaikanyaga tena.